Mhola Ishirini

S.L.P. 46,
Bariadi, Simiyu.
9 Juni 2024.

Mpendwa Kaka Salvatory,

Pokea salamu zangu kutoka hapa nyumbani. Wifi Monika hajambo? Na mgongo wako, umeacha kukusumbua? Najua huko Songea baridi imeanza. Vaa sweta, uache ubishi.

Hapa ilinipasa niandike kwamba na sisi ni wazima. Safari hii niruhusu niruke hapo. Simu nayo siiwezi, maana mdogo wetu Mayige akinisikia naongea nayo anaamini namsema kwa watu, na siku nzima inaharibika.

Pamba imefunguka, mchumaji ni mimi peke yangu. Mayige anameza dawa zake za skizofrenia nikiwa nimesimama mbele yake, nikigeuka anazitema. Huu ni mwaka wa kumi na moja anaumwa, na mimi wa kumi na moja namuuguza.

Mwezi uliopita tulipofuata dawa kliniki, mwuguzi mmoja, Flora, alisema sasa wanatupima na sisi tunaouguza. Maswali ishirini, ndiyo au hapana, ya kuangalia mtu amechoka moyo kiasi gani. Mwenye ndiyo zaidi ya nane anaingizwa kwenye kikundi cha ushauri, na anapata mtu wa kumtembelea nyumbani.

Binti wa watu alitaka kunirahisishia, akaniuliza kwa Kisukuma. Hapo ndipo nilipoharibu. Usingizi wako? Mhola. Chakula kinapita? Mhola. Kichwa je? Mhola duhu, salama tu. Unatujua, Kaka, mtu akikuuliza hali kwa lugha ya nyumbani unajibu salama hata kama paa linaungua. Mimi nilikuwa naitikia salamu tu, yeye anaandika hapana, hana tatizo. Zikafika ishirini, akanipongeza. Kwa mujibu wa ile fomu, Simiyu nzima hakuna mwenye raha kama mdogo wako.

Nilifika getini nikalia mpaka mlinzi akaniletea kiti. Nikarudi, nikaomba niulizwe tena kwa Kiswahili. Ndiyo zikawa kumi na saba. Lakini fomu ya kwanza ilikuwa imeshatumwa, na kikundi kimejaa. Flora alisikitika kweli. Akaniuliza nina nani mwingine wa kunisaidia, nikakutaja wewe.

Kuna jambo ambalo halikuulizwa. Jumanne nilimfungia Mayige ndani, nikatia kufuli kwa nje, nikaenda kuchuma pamba. Nilikaa shambani hadi saa nane bila kumkumbuka hata mara moja, na nilikuwa na furaha. Niliporudi nilimkuta ameketi nyuma ya mlango, amejikojolea. Kaka, nimejiogopa.

Njoo umchukue, hata kwa miezi miwili. Usiniandikie nijikaze, nimeshajikaza vya kutosha. Kama huwezi, sema huwezi, nijue.

Nisalimie Wifi Monika, Lucy na Method. Shangazi Kwandu anawasalimu wote. Mungu awape afya na awatunze mlipo.

Mayige naye anakusalimu. Nilipomwambia nakuandikia, aliuliza jambo moja tu, kama kwako kuna mlango unaofungwa kwa ndani.

Mdogo wako akupendaye,
Specioza