Magunia ya Banda la Kuku
Bellevue, Jumanne, Julai 1999

Ningesema walioyachukua magunia ni wezi, lakini ni mume wangu. Nilishamweleza taratibu: kuku huvumilia baridi, ila upepo ukiingia kwenye manyoya huwaua. Ndiyo maana nafunika banda kwa magunia kila jioni majira haya ya baridi. Akaitikia, "Nimeelewa, mwalimu."

Asubuhi nimeyakuta magunia yamefunika kioo cha gari lake, yameganda kwa barafu. Bandani, tetea wangu mweupe amekufa.

"Mama Thandi, kuku wana manyoya. Gari halina."

Akacheka. Gari likawaka mara moja, akaenda zake kazini Midrand.

Jioni nimerudisha magunia, na juu yake nimetandaza koti lake alilorudi nalo kutoka uhamishoni, lile asiloruhusu mtu aliguse. Kuku wametulia. Yeye bado analitafuta.