Pajama Yangu Bado Inaishi Shubra

Jumapili, 5 Februari 2023

Nimehama. Yaani mimi nimehama. Mke wangu Inshirah hajahama.

Nyumba ni yetu sasa — kuta, sakafu, dari, hata nyufa. Mji unaitwa Nada, yaani umande, na tangu nifike sijaona tone. Kuna mchanga, kuna majengo yanayofanana kama mayai kwenye trei, halafu mchanga tena. Sisi tuko Mtaa wa Yasimini. Yasimini yenyewe haijaambiwa.

Niandike mambo yalivyo, maana nikimweleza mtu kwa mdomo anadhani tumegombana. Nyumba yetu ya zamani, Shubra mjini, ni ya kupanga, kwa kodi ya zamani, mkataba wa baba yake Inshirah, Mungu amrehemu. Kodi ni ndogo mpaka mwenye nyumba, Hajji Sabri, anaipokea kwa vidole viwili kama aliyeshikishwa mkia wa panya. Anachosubiri ni sisi tuifunge tuondoke. Hapo ataleta mashahidi, aape kwamba imehamwa, ajichukulie. Na hii ya jangwani tukiiacha tupu, wezi wanang'oa kila kinachong'oka. Jirani wa juu alikuja kuitazama nyumba yake mpya akakuta choo kimeondoka. Choo!

Kwa hiyo yeye analinda ile, mimi nalinda hii. Miaka yote ya ndoa tulikuwa na nyumba moja na hatukuachana. Sasa tunazo mbili.

Nilimuuliza mpaka lini. Akasema mpaka tujue kama jangwa linatutaka.

Jumatano, 8 Februari

Bawabu wa jengo anaitwa Gaballah, mtu wa kusini, mpole, na hana haraka ya kumaliza swali. Leo amenishika ngazini.

"Hajji, mama hajambo?"

"Hajambo."

"Anakuja?"

"Anakuja."

"Maana jengo hili ni la familia, Hajji. Mimi sisemi kitu. Wanaosema ni ghorofa ya pili."

Ghorofa ya pili ni Mama Shadi, ana mabinti watatu. Mimi, kondakta mstaafu wa tramu, mwenye goti bovu na meno ya kuazima, nashukiwa uhuni! Nilipanda ngazi nimenyooka kidogo.

Nikampigia Inshirah. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema Ijumaa nikija atanipa gauni lake nilianike roshani, wajue nyumba ina mwanamke.

"Wakijua nina mwanamke si ndiyo balaa yenyewe?"

"Mwanamke wa gauni lile, Baba Nadir, ni mke tu. Hakuna anayefanya uhuni na gauni lile."

Yeye pajama yangu ya mistari anaianika kila asubuhi upande wa barabarani. Hajji Sabri akijua mume kahama, atasema na mke kahama, anakuja kuwasha taa tu.

Ijumaa, 10 Februari

Mchana Gaballah anatazama jengo, kwa hiyo nilikwenda Shubra. Kutoka chini barabarani nikaiona pajama yangu inapepea ghorofa ya nne. Kwa muda kidogo nilidhani mwenyewe yuko nyumbani. Nikamwonea wivu.

Nilibisha mlango. Wa kwangu mwenyewe! Ufunguo ulikuwa mfukoni, lakini mkono ulibisha. Bi Marsil wa mlango wa pili akatoa kichwa: "Karibu bwana harusi! Maua yako wapi? Tunatoa binti yetu hivihivi?"

Tulikula mlenda wa molokhia na sungura. Inshirah alinitazama nikila kama anahesabu mbavu. Muuza figili akapita chini akiita, naye Inshirah akateremsha kikapu kwa kamba kutoka roshani, akamsuta muuzaji kuhusu majani yaliyonyauka, akavuta kikapu juu, akaketi. Hakuwa amekatiza hata sentensi yake.

Ilibidi niondoke kabla jua halijazama. Alinisindikiza mpaka mwanzo wa ngazi, akaniambia nishike reli. Ngazi hizi nimezipanda tangu nywele zangu zikiwa nyeusi.

Jumamosi, 18 Februari

Gauni linafanya kazi. Mama Shadi amenisalimu! Leo amemtuma binti na sahani ya majani ya mzabibu yaliyojazwa wali, akauliza mama anaumwa nini mbona haonekani. Nikasema ni mtu wa ndani. Jioni Gaballah ananiambia jengo zima linasifu uchamungu wa mke wangu. Nikimweleza Inshirah ataanguka.

Kuna tatizo moja. Gauni kavu siku zote litatia shaka, kwa hiyo kila baada ya siku mbili nalilowesha. Kwa maji matupu. Lina harufu ya kitunguu saumu na giligilani vikikaangwa kwenye samli, na sabuni ingeiondoa. Sielezi zaidi. Shajara ni yangu, lakini mtu hufa, na vitu vyake husomwa.

Jumatatu, 27 Februari

Nimenunua kikapu na kamba. Nimeteremsha kutoka roshani, nikangoja. Hapapiti muuza figili, muuza mkate, wala mtu wa kununua vyuma chakavu. Upepo tu unakizungusha. Halafu kamba ikawa nzito! Nikavuta kwa furaha kama mvuvi. Ndani: glasi tupu ya Gaballah. Kutoka chini akasema, "Sukari kama ipo, Hajji. Na majani ya chai pia, kama si taabu."

Inshirah alipiga jioni. Akauliza nasikia nini huko. Nikasema ndege. Ni pampu ya maji. Akauliza miti. Nikasema inapandwa, na hilo si uongo kabisa. Kuna vijiti viwili mbele ya jengo, vimefungwa kwa waya visitoroke.

Naye akadanganya. Shubra imepooza siku hizi, alisema, hakuna lolote, huna unachokosa. Nyuma yake nasikia mtu wa gesi anagonga mitungi yake kwa spana, harusi inapita na ngoma, Bi Marsil anamtukana mtu kwa upendo. Nikanyamaza nisikilize. Akajua. Akasema anakwenda kutazama chungu, na simu akaiacha palepale dirishani, haikukatwa. Hakusema kwa nini.

Nilisikiliza mpaka salio lake likaisha.

Alhamisi, 9 Machi

Mambo yameharibika.

Hajji Sabri amemsimamisha Inshirah mlangoni mwa jengo, mbele za watu. "Mama Nadir, hiyo pajama ya mumeo mbona ni ileile tangu mwezi uliopita? Anaivaa saa ngapi?"

Inshirah akamjibu: "Na wewe Hajji umeanza lini kuchungulia nguo za kulalia za wanaume?"

Barabara nzima ikacheka, na hapo ndipo Inshirah alipokosea, maana Hajji Sabri angesamehe nyumba lakini si kicheko. Ameapa. Siku ya kwanza ya Ramadhani, jua likizama, atabisha mlango na wakili na mashahidi wawili. Alisema mwanamume anaweza kuwa popote siku nyingine zote, kazini, kahawani, hospitali, lakini futari ya kwanza anaila kwake. "Nisipomkuta mezani, basi kwake ni kwingine. Nitamwambia hakimu hivyo, na hakimu naye anafuturu."

Siwezi kusema hana akili.

Tumekubaliana kwenye simu: siku hiyo nitakuwa Shubra, mezani, ndani ya pajama yenyewe, nimwangalie usoni huku nakunywa juisi ya ukwaju. Nada itakaa jioni moja bila mtu. Gaballah naye atakuwa anakula. Mungu ayalinde mabomba.

"Ukishashinda, halafu?" nilimuuliza.

"Halafu nini?"

"Siku ya pili nafuturu wapi?"

Akasema mchele umeungua. Sikusikia chungu.

Jumanne, 14 Machi

Upepo wa khamasini. Tangu asubuhi mbingu ina rangi ya dengu. Nimeziba madirisha kwa mataulo na bado nasaga mchanga menoni. Nikakumbuka gauni liko kambani — mbio roshani — nikawahi kuliona likijaa upepo, mikono imenyooka kama linaniita, halafu vibanio vikafyatuka. Likapita juu ya vijiti viwili, juu ya eneo ambalo kwenye picha za kuuzia ni bwawa la kuogelea, likaenda.

Nilishuka na goti langu hili. Gaballah alikimbia mbele, kanzu yake kaishika mkononi. Mama Shadi kutoka dirishani anatuelekeza: "Kulia, Hajji! Linakimbilia barabara kubwa! Gauni la watu!"

Hatukulipata.

Nilimwambia Inshirah ukweli. Nilingoja acheke. Hakucheka. Alisema polepole, "Kwa hiyo huko sipo tena."

Nikasema nitanunua lingine. Akasema, "Baba Nadir, usininunue."

Jumatano, 15 Machi

Gaballah ametafuta mpaka barabara ya Suez. Hakuna. Sikutoka leo.

Jumatano, 22 Machi

Mwezi umeonekana, kesho tunafunga. Mama Shadi ametundika fanusi mlangoni kwake, na moja akatundika mlangoni kwangu bila kuniuliza. Taa ndogo ya bati, kioo chekundu upande mmoja. Ndiyo kitu cha kwanza katika jengo hili ambacho hakifanani na cha mwenzake.

Nimenyoa. Nimepanga begi dogo. Kesho alasiri basi dogo litanipeleka Shubra. Nimeifunga valvu ya maji, nikaifungua, nikaifunga tena. Nilizunguka vyumba kimoja kimoja. Vyumba vitatu na sauti yangu. Nilisema "Inshirah" sebuleni ili nisikie inavyorudi. Inarudi vizuri. Chumba kina mwangwi wa kufaa.

Alhamisi, 23 Machi

Naandika kwa haraka, meza imejaa unga.

Saa tisa nilikuwa nashuka ngazi na begi. Chini, sauti. Moja ya Gaballah, nyingine naijua hata nikiwa kaburini.

"Wewe ndiye Gaballah unayekunywa sukari yangu?"

Inshirah! Kasimama mbele ya mlango na vikapu viwili, sufuria imefungwa kwa kitambaa, jasho usoni, anatazama vijiti viwili. "Hii ndiyo miti?"

Nikasema, "Unafanya nini hapa? Sabri anakuja leo! Sasa hivi atakuwa anavaa viatu!"

"Nimeacha taa inawaka na redio inasoma Kurani. Bi Marsil ana ufunguo. Nimekuja kutazama tu."

Hakunitazama alipolisema hilo.

Mama Shadi alitoka na mabinti wote watatu, akamkumbatia. "Alhamdulillahi, umepona!"

"Nilikuwa naumwa nini?" Inshirah akauliza, na jicho likanigeukia.

"Uchamungu," nikasema.

Amepita vyumba vyote. Amefungua kila bomba, amenusa kila kona. Amesema jiko ni dogo, rangi ni ya hospitali, na kwamba pampu, kwa kweli, inalia kidogo kama ndege aliyebanwa mlangoni. Aliposimama roshani alikaa muda mrefu, mkono juu ya kamba tupu. Sikumfuata. Aliporudi alifunga mikono ya nguo akaanza kukanda unga wa katayifu, vile vitamu vya Ramadhani, kama aliyekuwa akikanda hapa tangu zamani.

Tulikubaliana kwamba basi la mwisho la kufika Shubra kabla ya magharibi bado tutaliwahi sote, nami nikae mezani kama tulivyopanga. Nilimkumbusha mara moja. Dereva alipiga honi chini. Inshirah akasema unga haujakaa sawa. Honi ikapigwa tena. Kisha ikawa mbali.

Simu imelia sasa hivi. Bi Marsil, ananong'ona: wako ngazini, Hajji Sabri na wakili na wawili asiowajua, wanabisha, redio inasoma na hakuna anayefungua. Afungue aseme mmekwenda kununua mkate? Aseme unaumwa? Aseme nini?

Nilimpa Inshirah simu. Aliisikiliza yote. Akasema, "Ngoja kidogo, Bi Marsil," akaiweka chini kifudifudi, na sasa yuko kwenye mlango wa chumba cha kulala, ushungi wake ameuvuta kutoka mwimo mmoja hadi mwingine kupima upana, midomo inahesabu.

"Lile kabati la mama kule Shubra," anasema. "Tukilitoa miguu, litapita hapa?"

Sauti ya Bi Marsil bado inatoka mezani, ndogo, alo, alo, Mama Nadir. Nimemwambia Inshirah wanabisha, wanataka jibu.

"Nimesikia. Acha kuandika, njoo ushike ncha hii —"