Rehema Alivyochungulia Ngoma

Mjukuu wangu Zuhura,

Pokea salamu kutoka Bofu. Sisi sote wazima, alhamdulillahi, na nduguyo kaanza shule.

Wauliza kama umpeleke mwanao kutazama maigizo, naye aogopa watu. Mpeleke. Mama alipotupeleka Changamwe kutazama ngoma na mchezo wa kuigiza, dadangu Rehema alijifunika uso kwa leso ya mama. Nikamvuta atazame.

“Mwache,” mama akaninong’oneza, “asikia.”

Ngoma ilipokolea, miguu yake ikaanza kucheza, kisha akachungulia. Tulipofika kivukoni, Rehema, aliyekuwa hata salamu haitikii, akawaigizia abiria mchezo mzima. Watu wakacheka hadi machozi.

Mama akamfuta jasho, akasema, “Jumamosi twenda tena, inshallah.”

Nibusie kijukuu changu.

Nyanyako, Mwanamkuu