Maelezo ya Ziada Kuhusu Mashua Iliyoanguka Kamenu

Kituo cha Polisi, Thika. Alhamisi, tarehe 16 Mei 2024, saa tatu asubuhi.

Jina: Stephen Kyengo Ndambuki. Umri: miaka 72. Kazi: mwalimu mstaafu wa Jiografia. Makazi: Kamenu, Thika.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Jumanne jioni niliandikisha maelezo katika kituo hiki kuhusu kifo cha fundi wangu wa mbao, Mulei. Maelezo yale yana upungufu. Nimekuja kwa hiari yangu kuyakamilisha.

Mnamo Machi 2023 nilinunua mashua ndogo ya matanga, kuukuu, iliyokuwa imelala katika ghala la shamba moja la kahawa huko Ruiru. Ina urefu wa mita saba, na mbao za ubavuni zilikuwa zimeoza. Katika miaka thelathini na minne ya ualimu sikuwahi kumiliki kitu kisicho na manufaa. Niliisafirisha hadi nyumbani kwa lori, nikaisimamisha kwa magogo kando ya ukuta wa mawe, nikamwajiri Mulei anisaidie kuitengeneza. Jirani yangu Waweru, mkata miti, aliniuliza, "Mwalimu, hii utashuka nayo maporomoko ya Chania?" Mulei alimjibu, "Wewe tutakuweka mbele, ukuwe breki."

Jumanne tarehe 14 Mei, saa tatu na nusu asubuhi, Mulei alikuwa ndani ya chumba kidogo cha mashua akipanga vyuma vizito ambavyo huwekwa sakafuni ili mashua isipinduke majini. Udongo ulikuwa umelowa mvua. Gogo moja lilizama, mashua ikalala upande, mlango wake ukazibwa na ukuta. Vyuma vilimwangukia Mulei mapajani. Palibaki dirisha moja la duara, ukubwa wa sahani.

Saa nne kasorobo Waweru alifika na msumeno wake wa injini. Alisema, "Mwalimu, sogea nikate hii kitu." Mulei alijibu kwa sauti kubwa, na majirani wote waliokusanyika walimsikia, "Waweru, ukigusa hiyo mbao, nikitoka nakuja kukata miguu ya kitanda yako. Nimeipiga randa miezi minane. Leteni kreni." Watu walicheka. Nilipiga simu Ruiru kuita kreni. Hayo niliyaeleza Jumanne, na ni kweli.

Yafuatayo sikuyaeleza. Nilikaa dirishani nikimpa maji kwa kikombe. Saa nne na dakika ishirini alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi. Alisema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, waambie wakate." Hakuna mwingine aliyesikia. Waweru aliuliza, "Anasemaje?" Ubavu uliokuwa juu ndio tuliokuwa tumemaliza kuutia mbao mpya wiki iliyotangulia. Nilikadiria kwamba kreni ilikuwa imefika Juja, nusu ya njia. Niliwadanganya. Nilisema, "Anasema tungoje."

Alirudia ombi lake mara moja zaidi. Baada ya hapo alinitazama tu.

Kreni ilifika saa tano na dakika kumi. Iliiinua mashua bila kuikwaruza. Mulei alifariki hospitalini saa saba mchana. Daktari aliniuliza kwa nini tulichelewa. Nilimjibu kwamba barabara ilikuwa na magari mengi.

Jana mjane wake, Kanini, alikuja nyumbani kwangu. Alinishukuru kwa kuheshimu neno la mume wake. Alisema, "Mwalimu, Jumamosi kwa mazishi ni wewe utaongea. Uambie watoto vile baba yao alikataa kazi yake iharibiwe." Nilimjibu, "Sawa, mama." Nikisimama pale, nitawadanganya watoto wake. Nikikosa kusimama, ataniuliza sababu.

Maelezo yangu yameishia hapo. Nimeyasoma mwenyewe, ni ya kweli, na sina la kupunguza.

Sahihi: S. K. Ndambuki

Maandishi ya afisa: Nilimtahadharisha shahidi kwamba maelezo haya yanaweza kutumiwa dhidi yake. Alisema anafahamu, akaniomba niendelee kuandika. Baada ya kutia sahihi aliuliza kama anaweza kuzuiliwa hadi Jumapili. Nilimwambia aende nyumbani asubiri kuitwa. Alikaa kwenye benchi la mapokezi hadi saa nane mchana.

Konstebo Naliaka