Kadi za Minara Hazivai Bahasha

Halifax, 9 Februari 1998

Baba mpendwa,

Salamu kwa heshima. Goti linakusumbua bado kwa baridi hii? Mimi mzima wa mwili, ila nina hasira. Serikali iliyokuondoa kwenye mnara wa taa ulioutunza miaka ishirini na sita sasa inataka kuubomoa, nawe umenyamaza. Tangu Mama afariki unabadilishana kadi za posta zenye picha za minara ya taa na watu thelathini na mmoja duniani kote. Hilo ni jeshi, Baba. Waombe wote waandike kupinga kabla ya kikao cha Aprili kitakachoamua. Ukimya wa mwenye haki ndio kuni za dhalimu.

Binti yako,
Léonie

Rasi ya Doucet, 20 Februari

Binti yangu,

Goti huuma likijisikia. Wewe unakula, au unashiba hotuba? Jana nimepata kadi ya mnara wa Estonia, yenye muhuri wa posta ya kisiwa chenyewe ulipo. Kuhusu ombi lako, hapana. Kadi zetu husafiri bila bahasha, yeyote azisome, na haziombi kitu ila mnara mwingine. Anayeomba zaidi hufutwa na wote kwenye daftari zao. Mnara wangu ni mawe. Hawa wa kadi ndio wanaonibishia hodi. Hapo usiniguse.

Baba yako

Halifax, 2 Mei

Baba,

U mzima? Barua zangu tatu hujazijibu. Nilipokuja likizo ya Machi nilinakili daftari lako la anwani, nikawaandikia wote kwa jina lako, barua zilizopigwa taipu, ndani ya bahasha. Niliamini ushindi ungeniombea radhi. Wanne tu waliiandikia serikali, na kikaoni tumeshindwa. Nigombeze, Baba, lakini niandikie.

Léonie wako

Rasi ya Doucet, 30 Juni

Léonie,

Mafua yamepona. Mnara wameubomoa Jumanne iliyopita, kuanzia saa nne. Saa sita wakala mikate yao wakaondoka. Niliwaandikia wote thelathini na mmoja kwamba si mimi niliyeandika zile barua. Hakuna aliyejibu. Kila asubuhi naenda posta. Odette wa dirishani ameacha kuniambia “leo hamna”. Huinama akapanga barua za wengine mpaka nitoke.

Serikali iliniamulia bila kuniuliza. Nawe pia. Tofauti ni kwamba wao sikuwa nikiwapenda.

Likizo ya Julai usije.

Baba yako