Jicho Gani Watapasua

Zaina mutoto wangu,

Ninakusalimu kwa jina la Mungu, wewe na nyumba yote ya Banalia. Papa yako anakohoa bado? Unijibu kweli, maana ninyi munapenda kunificha mambo. Mimi niko muzima hapa Kisangani, kwa mama yako mukubwa, upande wa Simi-Simi. Unisamehe herufi hizi kubwa. Ndogo sizioni tena muzuri.

Bon, unajua kilichonileta. Wanasema nyuma ya jicho kuko kamba inayopeleka mwanga kwenye ubongo, na kichwa cha ile kamba kina kashimo. Ugonjwa ukizidi, shimo linapanuka mpaka mutu anakuwa kipofu. Donc wanapima shimo. Kwangu jicho moja ndilo bovu, hata kama mimi mwenyewe sioni tofauti; hilo watapasua. La pili wataliacha na dawa ya matone.

Kuko muzee mumoja infirmier, musaidizi wa munganga, anapima na taa. Anakukaribia mpaka unasikia harufu ya tumbaku, kisha anachora kwa kalamu. Na kuko munganga kijana, yeye iko na mashini ya kupiga picha. Alinipiga mwanga kwenye macho, paa! nikazani nimekwisha. Zaina, sikupenda. Picha ya kadi, ninaona sura yangu. Picha ya ndani ya jicho, nani atakula kiapo kama ni yangu?

Juzi wakaniita. Muchoro unasema jicho bovu ni la kushoto. Picha inasema la kuume. Ukubwa wa shimo ulilingana kabisa. Upande ndio uligombana.

« Mama, mashini haizeeki, » munganga akasema. « Tutapasua la kuume. »

« Mashini haijui hata jina lake, » muzee akanungunika.

« Na wewe papa, mukono wako unatetemeka! »

Mumoja anadanganya, niliwaza, ao wote wawili. Nikaomba kuziona zile picha. Vipande viwili vya filimu, vinapitisha mwanga pande zote. Hapo nikawaza kitambaa. Unakumbuka libaya, ile blauzi ya ndoa ya shangazi yako, nilivyoikata mikono yote miwili ya kushoto? Ile nguo ya wax rangi yake ni moja mbele na nyuma; iligeuka mezani bila mimi kujua.

Nikauliza: « Citoyen docteur, hii filimu, mugongo wake ni wapi? »

Akacheka. « Mama iko fundi wa mashini sasa! » Halafu akaipeleka dirishani, akaigeuza, akaigeuza tena. Kicheko kikaisha. Walizitia kinyume, mugongo mbele, Zaina. La kushoto likawa la kuume. Muzee akakohoa, kikohozi cha furaha.

Alors, nimekubali wapasue la kushoto. Barua hii ikikufikia, watakuwa wamekwisha. Munganga aliomba musamaha, ni mutoto muzuri, lakini mimi macho yangu iko kwake.

Salimia papa yako, na mujomba yako muvuvi, na bibi yako aliyenilea. Shangazi yako umwambie asinicheke tena kwa ile mikono.

Siku ya kupasuliwa nitavaa libaya ya bluu. Nimeishonea uzi mwekundu begani, upande wa kushoto, wasikosee tena jicho. Niliivaa kwanza ndipo nikashona, maana nguo ikilala mezani, hata mimi sijiamini.

Mama yako, anayekutazama bado kwa yote mawili.