Kioo cha Jicho la Nyuki

Baba,

Nisamehe kwa kuchelewa kukuandikia. Mwaka umepita tangu tukuzike, na kila nikishika kalamu Mwanaisha hulia anataka kunyonya. Lakini leo lazima nikwambie: hukuwa mwongo, wala akili haikukuruka.

Kile kioo ulichoachiwa na mgeni wako aliyekuja kuchunguza nyuki aliporudi kwao baada ya Uhuru, vile vipande vinane vilivyobandikwa mviringo, nimekiona kikifanya kazi! Ulitwambia alikiunda kwa kuiga chembe nane zilizomo ndani ya kila kimoja cha vile vijicho vidogo vinavyounda jicho la nyuki. Ati anga la buluu lina alama tusizoziona sisi, na nyuki huzifuata kurudi mzingani. Ukawapa watu watazame juu, wametoka kusali adhuhuri. Hawakuona kitu. Ami Hamisi akakwambia, "Kaka, nyuki wamekuuma mpaka ubongo!" Wakacheka. Nami nilicheka, Baba. Uso wako siku ile... basi.

Juzi asubuhi, jua ndio kwanza linatoka, naanika nepi, nikamkuta Mwanaisha amekitia kioo mdomoni. Nikamnyang'anya, nikakiinua juu nione kama kimepasuka. Vipande viwili vinavyotazamana vikawa vyeusi. Nikageuka, weusi ukahamia vingine. Ndizo zile alama zako za anga! Nilikaa chini palepale kwenye maji ya nguo.

Kosa lilikuwa saa tu. Wewe ulizoea kukitazamia asubuhi ukienda mizingani. Adhuhuri jua likiwa utosini, hapo juu hapaonekani alama.

Kesho yake asubuhi nikamngoja Ami njiani. Ati ana haraka. "Shikamoo Ami, lakini hapa hupiti mpaka utazame." Akatazama. Akageuka, akatazama tena. Mwisho akasema, "Ndugu yangu nilimwonea." Na leo Ijumaa ameyarudia hayo mbele ya walewale waliocheka. Nimepumua, Baba. Kifua chepesi.

Mungu akulaze pema. Naahidi Mwanaisha atajifunza kukitazamia, na atajua ni cha nani.

Radhi uliniachia, ulinishika kichwa ukaniombea. Hiyo siiombi tena. Nilichopungukiwa, nitumie hata kwa ndoto: ulipoficha kisu cha asali, majani uliyokuwa ukifukizia nyuki wakali wa mzinga wa kwenye mkorosho, na usingizi wa saa mbili, mfululizo, mtoto asilie.

Mwanao,
Mwanasha­ha